Namna ya Kutafiti Umaskini wa Watoto katika Familia za Waomba Hifadhi na Wahamiaji

Watoto wa familia za waomba hifadhi na wahamiaji hutajwa sana na kuhesabiwa kidogo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilikadiria kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2024 watu milioni 123.2 walikuwa wamelazimika kuyahama makwao, wakiwemo waliobaki ndani ya mipaka ya nchi zao, na kwamba takribani asilimia 40 kati yao walikuwa watoto, ilhali watoto hawafiki theluthi moja ya watu wote duniani. Hata hivyo ukitaka kujua ni wangapi kati ya waliovuka mpaka wanaishi katika ufukara ndani ya nchi iliyowapokea, aghalabu utakuta kwamba tafiti za taifa za hali ya kaya haziwezi kukujibu, kwa sababu hazikupangwa kuwafikia.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtafiti anayeanza kazi hiyo, awe mwanafunzi, mtumishi wa shirika la kijamii au mwandishi wa habari za uchunguzi. Ushauri wake mkuu ni kwamba usianze na hojaji, bali uanze na sheria. Umaskini wa mtoto mwenyeji hutokana kwa kawaida na ajira ya wazazi, mishahara, maradhi, kodi ya nyumba na mengineyo ya aina hiyo. Umaskini wa mtoto wa mwomba hifadhi una hayo yote, na juu yake una masharti yaliyoandikwa katika kibali cha mzazi wake. Mtafiti asiyeyajua masharti hayo anaweza kuupima umaskini huo kwa usahihi na bado asijue umetoka wapi.

Kuichora ramani ya sheria kabla ya kwenda uwandani

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria za hifadhi za nchi nyingi zimeipindua methali hiyo, kwani mgeni hupewa posho na kunyimwa jembe, kisha miezi ikapita akisubiri uamuzi. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2013 kuhusu mapokezi ya waomba hifadhi liliziwekea nchi wanachama kikomo cha miezi 9 kabla ya kumfungulia mwombaji soko la ajira, na agizo jipya la mwaka 2024 limekipunguza kikomo hicho kuwa miezi 6. Nchini Uingereza mwombaji amekuwa akilazimika kusubiri miezi 12 bila uamuzi kabla ya kuomba ruhusa ya kazi, na hata akiipata huwekewa mipaka ya aina za kazi. Uganda, kwa upande mwingine, iliwapa wakimbizi haki ya kufanya kazi na uhuru wa kutembea kupitia sheria yake ya mwaka 2006. Mtoto wa umri uleule, aliyekimbia vita vilevile, anaweza basi kuwa maskini kwa njia tofauti kabisa kutegemea ofisi iliyopokea jina la mzazi wake.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutengeneza jedwali. Upande mmoja orodhesha hali zote za kisheria zinazopatikana katika nchi unayoitafiti: mwomba hifadhi anayesubiri uamuzi wa kwanza, aliyekata rufaa, aliyekataliwa lakini hawezi kurudishwa, mkimbizi aliyetambuliwa, mwenye hifadhi ya muda, mhamiaji mwenye kibali cha kazi na wategemezi wake, asiye na kibali chochote, na asiye na utaifa. Upande wa pili andika maswali yanayogusa mfuko wa familia: je, mzazi anaruhusiwa kufanya kazi, na baada ya muda gani? Anaweza kupata msaada wa fedha wa serikali, na ni sawa na wa raia au ni pungufu? Nani anaamua familia ikae wapi? Mtoto anaandikishwa shuleni kwa hati gani, na akiugua hutibiwa kwa malipo ya nani? Jaza kila kisanduku kwa kusoma sheria yenyewe na kanuni zake, kisha mwulize wakili au mshauri wa masuala ya uhamiaji kama mambo hutekelezwa jinsi yalivyoandikwa. Mara nyingi kanuni husema jambo moja, na karani wa dirishani akafanya lingine.

Zingatia sana familia za mchanganyiko, yaani zile ambazo baba ana kibali, mama hana, mtoto mkubwa alizaliwa ng'ambo na mdogo ni raia kwa kuzaliwa. Nchini Marekani mageuzi ya misaada ya mwaka 1996 yaliwawekea wahamiaji wengi wenye ukaazi halali muda wa kusubiri wa miaka 5 kabla ya kupata misaada kadhaa ya serikali kuu, na katika familia kama hiyo mtoto aliye raia anaweza kuwa na haki ambayo wazazi wake wanaogopa kuiomba. Uingereza nayo hutoa vibali vingi vya ukaazi kwa sharti kwamba mwenye kibali asitegemee misaada ya fedha za umma. Ukiandika tu "familia ya wahamiaji" katika fomu yako, tofauti hizi zote zitapotea, na pamoja nazo utapoteza sehemu kubwa ya maelezo uliyokuwa ukiyatafuta.

Tarehe nazo ni muhimu, kwa sababu hali ya kisheria hubadilika, na mabadiliko yenyewe huweza kuleta ufukara hata pale yanapoonekana kuwa habari njema. Familia inapotambuliwa kuwa ya wakimbizi, posho ya waomba hifadhi inaweza kukatwa, na makazi yake kurudishwa, kabla msaada wa kawaida au mshahara wa kwanza haujafika. Utafiti unaowauliza watu hali yao ya leo tu hautaliona shimo hilo. Andika mwezi na mwaka wa kila badiliko: kuwasili, kuomba, kukataliwa, kukata rufaa, kupewa kibali.

Sambamba na sheria za nchi, weka karibu Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kwa kuwa ndio unaokupa kipimo kisichotegemea siasa za msimu. Umeridhiwa na nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa isipokuwa Marekani. Ibara ya 2 inakataza ubaguzi wa mtoto kwa sababu ya hali yake au ya wazazi wake. Ibara ya 22 inamhusu mtoto mkimbizi pamoja na yule anayeomba kutambuliwa kuwa mkimbizi. Ibara ya 26 ni ya hifadhi ya jamii, na ya 27 ni ya kiwango cha maisha kinachofaa kwa makuzi yake. Mahakama nazo zimewahi kuingia katika hesabu hizi. Mwezi Julai 2012 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilitamka kwamba posho za waomba hifadhi zilizokuwepo hazikutosheleza utu wa mtu, na kwamba utu huo hauwezi kupunguzwa thamani kwa malengo ya sera za uhamiaji. Hukumu ya namna hiyo ni hazina kwa mtafiti, maana ili kufika kwenye uamuzi majaji hulazimika kuchambua jinsi kima cha chini cha maisha kinavyokokotolewa.

Kuamua unapima nini

Umaskini wa kipato hupimwa mara nyingi kwa kulinganisha kipato cha kaya na kile cha mtu wa katikati, yaani yule ambaye nusu ya watu wako juu yake na nusu chini yake. Umoja wa Ulaya huweka mstari kwenye asilimia 60 ya kipato hicho. Ili kaya kubwa na ndogo zilinganishwe kwa haki, mtu mzima wa kwanza huhesabiwa 1, kila mwingine mwenye umri wa miaka 14 au zaidi huhesabiwa 0.5, na kila mtoto aliye chini ya umri huo 0.3. Familia ya wazazi wawili na watoto watatu wadogo huwa na uzito wa 2.4. Ikiwa inapata 2,400 kwa mwezi, kipato chake kilichosawazishwa ni 1,000.

Hapa ndipo kipimo kinapoanza kuyumba kwa familia tunazozizungumzia. Chukulia kwamba mstari wa umaskini ni 900. Familia ile si maskini. Lakini ukiwauliza zaidi huenda ukagundua kwamba kila mwezi wanalipa 480 za deni la safari iliyowafikisha hapo, na mkopeshaji wao si mtu wa kuombwa subira. Zikitolewa fedha hizo hubaki 1,920, na kipato kilichosawazishwa hushuka hadi 800, chini ya mstari. Bado hujauliza kuhusu fedha wanazomtumia bibi aliyebaki na mtoto wa nne, malipo ya wakili, ada ya kuhuisha vibali, na nauli ya kwenda kuripoti ofisi ya uhamiaji. Watafiti wengine huziona gharama hizi kuwa matumizi ya hiari. Kwa maoni yangu deni la safari na ada za vibali si hiari hata kidogo, na njia ya uaminifu ni kutoa takwimu mbili, moja kabla ya makato hayo na nyingine baada yake, kisha kumwachia msomaji ajionee tofauti.

Kuna pia tatizo la upande wa pili. Familia inayoishi katika kituo cha mapokezi hupewa chumba na milo, na kipato chake cha fedha taslimu ni karibu sifuri. Ukikihesabu peke yake, kila mtoto wa kituo ni fukara wa kutupwa. Ukiyapa makazi na milo bei ya soko na kuijumlisha, huenda mtoto akaonekana ana nafuu, ingawa analala chumba kimoja na watu watano na hana meza ya kuandikia. Kwa familia za aina hii kipato hakitoshi kuwa kipimo, na itakubidi uhamie kwenye kupima yale anayoyakosa mtoto mwenyewe.

Vipimo vya namna hiyo vipo tayari, na si lazima ubuni upya. Tangu 2018 Umoja wa Ulaya unatumia orodha ya vitu na huduma 17, kuanzia viatu jozi mbili na matunda na mboga kila siku, hadi kusherehekea siku maalumu, kualika marafiki na kwenda safari za shule; mtoto anayekosa walau 3 kati ya hivyo huhesabiwa kuwa na upungufu. Shirika la UNICEF lina uchambuzi wake wa upungufu unaopandana, unaomtazama kila mtoto mmojammoja katika nyanja kama lishe, maji, afya, elimu na makazi. Mbinu ya kuhesabu iliyotungwa na wanauchumi Sabina Alkire na James Foster nayo hukuwezesha kusema ni watoto wangapi wana upungufu mwingi kwa pamoja, na upungufu huo una kina gani.

Tahadhari moja inahusu majibu yanayoruhusiwa na orodha hizo. Mhojiwa huulizwa kama mtoto ana kitu fulani. Kama hana, huulizwa ni kwa sababu familia haina uwezo au kwa sababu nyingine, na ni jibu la kutokuwa na uwezo pekee linalohesabiwa kuwa upungufu. Mtoto asiyeweza kualika marafiki kwa sababu kituo anachoishi hakiruhusu wageni, au aliyekosa safari ya shule kwa sababu hana hati ya kuvukia mpaka, huangukia kwenye "sababu nyingine" na kutoweka katika hesabu, kana kwamba alichagua mwenyewe. Ongeza jibu la tatu: "tumezuiwa na kanuni au masharti." Ni badiliko la mstari mmoja katika hojaji, lakini ndilo linaloyaunganisha majibu ya familia na jedwali la sheria ulilolitengeneza mwanzoni.

Jiulize pia kipimo chako kinailinganisha familia na nani. Peter Townsend, mwanasosholojia wa Uingereza, alisisitiza kwamba umaskini hupimwa kwa desturi za maisha za jamii anamoishi mtu. Mzazi aliyefika jana hujilinganisha na alikotoka, na anaweza kukuambia kwa dhati kwamba watoto wake hawana tatizo. Mwanawe aliye darasani hujilinganisha na anayekaa naye dawati moja. Wote wawili wanasema kweli, kwa hiyo waulize wote wawili.

Takwimu zilizopo, na wasiokuwemo

Kabla ya kukusanya chochote kipya, pitia sensa, tafiti za kaya, kumbukumbu za shule na takwimu za ofisi ya uhamiaji, ukiuliza kila mara ni nani asiyekuwemo. Tafiti za kipato za Umoja wa Ulaya huchagua sampuli kutoka kaya za kawaida, hivyo wanaoishi katika vituo vya pamoja huachwa nje kwa jumla. Tafiti nyingine huchukua majina kutoka daftari la wakaazi, ambamo asiye na kibali hayumo. Kumbukumbu za shule haziwezi kukuonyesha mtoto ambaye hajaandikishwa.

Angalia pia jinsi wahamiaji wanavyotambuliwa. Nchi ya kuzaliwa, uraia na hali ya kisheria ni vitu vitatu tofauti, na kila kimoja huwapoteza watoto wengine. Ukichagua nchi ya kuzaliwa, watoto waliozaliwa baada ya wazazi kuwasili watahesabiwa kuwa wenyeji. Ukichagua uraia, waliokwisha kupewa uraia mpya watatoka nje ya hesabu. Hali ya kisheria, ambayo ndiyo inayoamua mengi, kwa kawaida haiulizwi kabisa, kwa sababu ya kueleweka: ni swali linalomtisha mtu. Mapendekezo ya kimataifa kuhusu takwimu za wakimbizi, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018, yanaeleza namna ya kupanga makundi haya, na yanafaa kusomwa kabla ya kuandika swali lolote la utambulisho.

Kuzifikia familia

Sampuli ya kubahatisha, yaani ile ambayo watu huchaguliwa kwa bahati nasibu, huhitaji orodha ya watu wote, na orodha hiyo huna. Ukipewa moja na mamlaka ya uhamiaji, fikiri mara mbili kabla ya kuipokea, kwa kuwa familia itakayobishiwa hodi nawe itakuona kuwa mtumishi wa mamlaka hiyo. Watafiti wengi huanza na mashirika ya misaada, nyumba za ibada, walimu na vyama vya wahamiaji. Tatizo ni kwamba familia inayojulikana na shirika imekwisha kupata msaada wa namna fulani, na familia iliyojificha zaidi, ambayo huenda ndiyo fukara zaidi, haifiki huko. Anza kwa milango mingi kwa wakati mmoja, tena milango isiyojuana, na uandike kila familia imeingia kupitia mlango upi ili baadaye uweze kuona kama majibu yanatofautiana kwa sababu hiyo.

Mbinu nyingine ni ile ya washiriki kuitana, iliyofanyiwa kazi na mwanasosholojia wa Marekani, Douglas Heckathorn, mwaka 1997. Kila mhojiwa hupewa kadi chache, mara nyingi tatu, za kuwaita watu anaowajua, na huulizwa anawajua wangapi walio katika hali kama yake, kisha hesabu hurekebishwa ili wenye marafiki wengi wasizidi uzito. Hufanya kazi vizuri pale ambapo watu wanajuana kweli. Haifai sana kwa familia zilizotawanywa na serikali katika miji wasikomjua yeyote, na huweza kuleta hatari pale ambapo jamaa mmoja akijua kwamba mwenzake hana kibali anaweza kumtumia vibaya.

Amua mapema kaya ni nini. Nyumba moja inaweza kukaliwa na familia tatu zinazogawana kodi na jiko lakini zisizogawana mfuko. Familia moja inaweza kuwa imegawanyika katika nchi mbili huku ikiwa na mfuko mmoja. Swali la kawaida la "mnakula chungu kimoja?" halitoshi. Uliza pia nani hulipa nini, na nani huamua mtoto anunuliwe viatu lini.

Kutomdhuru mtu

Kibali cha kamati ya maadili ni cha lazima, lakini usidhani kwamba karatasi hiyo inamaliza wajibu wako. Hatari kubwa kuliko zote katika utafiti huu ni kwamba taarifa utakazokusanya zinaweza kumfikia mwenye mamlaka ya kumfukuza mtu nchini. Jibu lake la kwanza ni kutokukusanya usichokihitaji. Huhitaji jina kamili, namba ya faili ya uhamiaji, picha ya hati, njia aliyopita wala jina la aliyemsafirisha. Kama hali ya kisheria ni ya lazima kwa uchambuzi, mwonyeshe mhojiwa kadi yenye makundi yaliyopewa herufi, akutajie herufi tu, na kadi hiyo isiwekwe pamoja na majibu. Funguo ya kuunganisha namba za wahojiwa na mawasiliano yao itunzwe mbali, chini ya nywila, na tarehe ya kuifuta iandikwe kabla kazi haijaanza.

Ridhaa ya maandishi, ambayo kwingine ni ulinzi, hapa inaweza kuwa kitisho. Mtu ambaye ametia saini karatasi nyingi asizozielewa katika ofisi za serikali ana haki ya kuogopa nyingine. Omba kamati ikuruhusu kupokea ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi, na useme mambo matatu kwa lugha nyepesi, ukiyarudia: wewe si mtumishi wa uhamiaji, kushiriki hakutaongeza wala kupunguza nafasi yao ya kupata kibali, na wanaweza kukataa swali lolote au kuacha katikati bila kurudisha fidia ya muda wao. Hili la pili lina uzito, maana wapo watakaokueleza habari zao kwa tumaini kwamba utawasaidia, na ukimya wako utachukuliwa kuwa ahadi. Eleza vilevile mapema mipaka ya usiri: ukisikia kwamba mtoto yuko katika hatari ya kuumizwa, utalazimika kumwambia mtu fulani, na umtaje huyo ni nani.

Usiulize kuhusu safari wala kilichowakimbiza. Familia hizi zimekwisha kuhojiwa juu ya hayo na watu wenye mamlaka ya kuamua maisha yao, na kila kurudia hufungua kidonda, wakati wewe unatafiti umaskini wa sasa. Wakianza wenyewe, sikiliza kwa heshima, usiandike, kisha rudi polepole kwenye mada.

Mkalimani naye anastahili kufikiriwa kuliko inavyofanyika kwa kawaida. Lugha moja haimaanishi upande mmoja: mkalimani anaweza kuwa wa kabila au chama ambacho familia ilikikimbia, na ukitaka kujua hilo, utamwuliza mhojiwa kabla ya siku ya mahojiano wala si mbele ya mkalimani. Katika jamii ndogo wengine humwamini mtu wa kwao, wengine humwogopa kwa sababu ya umbea; toa uchaguzi, pamoja na ule wa ukalimani kwa simu bila majina. Usimtumie mtoto wa familia kukalimani, hata kama ndiye pekee anayejua lugha na anajitolea kwa furaha. Atalazimika kutamka madeni ya baba yake kwa kinywa chake, na wazazi nao wataficha kila kitu wasichotaka akijue. Hojaji itafsiriwe na mtu mmoja, kisha mwingine asiyeiona ya awali airudishe katika lugha yako, na mnapotofautiana mkae pamoja. Maneno kama "deni", "msaada" na "njaa" ndiyo yanayoleta mtafaruku zaidi, kwa kuwa kila lugha ina yake ya kuyasemea mambo ya aibu.

Kuwasikiliza watoto

Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Zaidi ya haki hiyo kuna sababu ya kitaalamu: wazazi huficha ufukara wasionekane wameshindwa, na huwakinga watoto kwa kula wa mwisho au kuacha kula, watoto nao hulijua hilo na huacha kuomba. Ukimwuliza mzazi peke yake kama mtoto amekosa kitu, atakuambia hakuomba. Mtoto ndiye atakayekueleza kwamba hakumpa mama barua ya safari ya shule kwa sababu alijua itamsononesha.

Pata ridhaa ya mzazi na, mbali na hiyo, kukubali kwa mtoto mwenyewe, na utazame mwili wake kama unavyosikiliza maneno yake, kwani mtoto aliyezoea maofisa hujibu "ndiyo" kwa kila kitu. Kwa wadogo, michoro ya siku moja tangu kuamka hadi kulala hutoa mengi: inaonyesha nani anamwamsha, analala na nani, anatembea umbali gani, anakula lini. Kwa vijana, waombe wapange kadi za vitu na shughuli katika mafungu mawili, vya lazima na visivyo vya lazima kwa mtoto wa umri wao mahali hapo, kabla hujawaonyesha orodha yoyote rasmi. Mara nyingi wataweka simu yenye intaneti juu ya vitu ambavyo watu wazima huvitanguliza, kwa hoja nzuri: ndiyo kamusi, ndiyo ramani, ndiyo sauti ya bibi. Usiwaulize umri kwa namna ya kudai ushahidi. Wapo ambao umri wao unabishaniwa na mamlaka, na swali lako litawakumbusha chumba kingine.

Kuchambua na kurudisha

Katika uchambuzi, linganisha kwa hali ya kisheria kwanza, kisha kwa muda tangu kuwasili, na mwisho kwa nchi ya asili. Ukianza na nchi ya asili utajikuta unaeleza umaskini kwa tabia za taifa fulani, na ukiingiza hali ya kisheria baadaye huenda ukaona kwamba tofauti nyingi ulizodhani ni za utamaduni zinatokana na kibali. Kundi la kulinganisha liwe watoto wenyeji wa mitaa ileile, wala si wastani wa nchi nzima, ili usichanganye umaskini wa mahali na umaskini unaotokana na hali ya kisheria. Sampuli isiyo ya kubahatisha haikupi ruhusa ya kuandika "asilimia fulani ya watoto wote wa waomba hifadhi". Andika "kati ya watoto 84 tuliozungumza nao", kama ni 84, na ueleze milango waliyoingilia.

Kabla ya kuchapisha, soma kila nukuu kwa jicho la jirani. Familia yenye mapacha, kutoka nchi isiyo na watu wengi katika mji huo, itatambulika hata bila jina. Badilisha au ondoa maelezo yasiyobeba hoja, na visanduku vya jedwali vyenye watu wachache sana vijumuishwe na vingine. Kisha rudi kwa familia na matokeo kwa lugha zao, kwa mdomo ikibidi, kabla hayajaenda kwa waandishi wa habari, ukiwauliza kama kuna sentensi inayoweza kuwadhuru. Wengi watakuwa wamehamishwa au kubadilisha namba, kwa hiyo panga tangu mwanzo shirika au mwalimu ambaye taarifa fupi itaachwa kwake. Siku uliyoiandika ya kufuta funguo ya mawasiliano ikifika, ifute mbele ya mwenzako, na mtie saini wote wawili kwamba haipo tena.